Kivuli Kilichojifunza Kutukana

Kivuli cha Sabas Kihwele kilimjibu Kandida kwa adabu, na hapo ndipo Kandida alipojua kwamba Sabas ametekwa.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa Mama Sabas pale Mafinga. Ukungu ulikuwa bado umelalia mabati. Kwenye kioo cha simu kilichotundikwa ukutani Sabas alikuwa amevaa shati jeupe, amenyoa vizuri, na dirisha la nyuma yake lilionyesha bahari ya Mtwara, alikosema amepata kazi. Mama yake alikuwa ameketi mbele ya kioo kama anayeota moto. Kandida aliingia na ovaroli yake ya ufundi, matope hadi magotini, akamrushia Sabas alichokuwa akimrushia tangu wakiwa na makamasi:

"We mla mbwa! Nasikia mbwa wa Mtwara wameandamana wanaomba ulinzi! Umeshawamaliza wangapi?"

Sabas aliyemjua angelirudisha hilo kabla halijatua. Alikuwa mshereheshaji wa harusi tangu hajaota ndevu, kijana ambaye wazee walimlipa ili awatukane mbele ya wakwe zao. Lakini Sabas wa kiooni alitulia. Tabasamu lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Samahani, mtandao unasumbua," alisema. Kisha, baada ya muda, "Asante kwa salamu, dada Kandida. Nakutakia Jumapili njema."

Dada!

Mama Sabas alicheka. "Umeona? Pwani imemfunza adabu."

Kandida hakucheka. Alikuwa Mngoni, na Sabas Mhehe. Babu zao walichinjana katika milima hii mpaka wakachoka, na walipochoka wakakubaliana kutukanana badala yake. Ndiyo maana Mngoni na Mhehe wakikutana hawapeani pole wala dada. Wanapeana mbwa na panya. Na utani huo una mwiko wake: hautumwi kwa simu, hauandikwi popote. Unatukana ukiwa unayaona meno ya mwenzako, kwa kuwa tusi lisiloona meno ni tusi kweli. Siku ile Kandida aliuvunja mwiko kwa hamu tu, Sabas akiwa ameondoka tangu mavuno. Kumbe katika simu zote za Sabas, katika kila alichowahi kuandika au kurekodi, hapakuwa na tusi hata moja la utani ambalo mashine ingeweza kujifunzia.

Siku ya pili yake kivuli kilipiga tena, na kilimtaka Kandida.

"Weye Mngoni," kilisema, na safari hii macho yake yaling'aa. "Tangu lini ukawaonea mbwa huruma? Babu yako alikuja vitani na mkuki mkono huu, panya wa kubanika mkono huu. Alipoambiwa achague kimoja, akautupa mkuki!"

Kandida aliangua kicheko. Lilikuwa tusi la Sabas mwenyewe, la moto, halina mwingine wa kulitunga. Kisha akakatiza kicheko. Usiku ule, mahali fulani, mtu alikwenda kumwuliza Sabas: *hapa ungejibuje?*

*

"Wachuna-sauti," alisema Inspekta Nakiete.

Alikuwa mwanamke wa Kipare, mwembamba, mwenye ofisi isiyo na kiti cha mgeni. Kandida alibaki amesimama.

"Vivuli, hizi mashine za kuiga sura na sauti ya mtu, vilianza kihalali, unajua. Tajiri hataki kupokea simu, kivuli chake kinapokea. Ila kivuli cha tajiri kinachosha, hakina ladha. Sasa kivuli cha mtu mwenye ulimi kama rafiki yako, hicho kinaongea na watu elfu kwa mpigo, na kila mmoja anadhani amepata rafiki. Kitamwuzia mbolea asiyelima, kitamchumbia, kitamwambia ampigie nani kura. Watu wanatoa fedha nyingi kukipata."

"Si wangemwajiri tu?"

"Ulimi wa kuajiriwa una siku ya kuchoka. Una siku ya kukataa." Aliinua macho. "Wanamteka mwenyewe, wanakiweka kivuli nyumbani kwake. Nyumba ndiyo darasa. Mama hatoi taarifa polisi kwa sababu anaongea na mwanawe kila siku. Kivuli kikikwama hakibuni kitu. Kinasingizia mtandao, kinarudi kwa mwenyewe, anaulizwa, anajibu. Kinameza. Kesho hakikwami hapo tena."

"Akikataa kujibu?"

"Wanajua kuuliza."

Kandida alitazama nje. Juu ya kilima mitambo ya upepo, ambayo yeye alikuwa akijifunza kuitengeneza, ilizungusha mapanga yake polepole.

"Na kikishajua yote, afande?"

"Wewe ukishakamua tui, machicha unayahifadhi?" Nakiete alisema bila ukali. "Kulikuwa na binti, mwimbaji. Kivuli chake kilimwimbia mama yake mpaka kikaacha kukosea. Juma lile lile tulimkuta binti kwenye msitu wa misonobari."

Nakiete alifunga jalada lililokuwa mezani.

"Nisikilize, mdogo wangu. Kosa la kivuli ndiyo pumzi ya rafiki yako. Ukitaka aendelee kuishi, usikifundishe. Ila hatujui alipo, na njia ya kumwuliza ni hiyo moja, kupitia kivuli chake. Ukimwuliza, unakifundisha. Mimi sina la tatu."

*

Kandida alichagua kunyamaza. Aliacha kwenda kwa Mama Sabas. Alipanda mitambo asubuhi, akateremka jioni, akapita nyuma ya nyumba ile kama anayekwepa mdai.

Kikaanza kumtafuta.

"Mtani wangu yuko wapi?" kiliuliza kila siku. "Mwambieni aje anitukane." Kilimwuliza Mama Sabas, kikamwuliza kinyozi, kikampigia mkuu wa kwaya. Mwisho kikapiga kwenye simu ya kazini ya Kandida, akiwa amejifunga kamba juu ya mtambo, upepo ukimpiga makofi. "Kandida, mbona umenuna? Nitukane kidogo tu." Sauti ya Sabas, ikidai matusi kama mtoto anayedai titi.

Alikata. Akaizima simu kabisa, akaitia mfukoni.

Akaelewa kwamba kunyamaza kwake hakumwokoi mtu. Kivuli kilikuwa kinaiva kwa moto wa wengine. Kinyozi alikuwa amekifundisha mpira na mkuu wa kwaya mizaha ya kanisani. Kilisingizia mtandao mara chache zaidi kila juma. Sabas alikuwa anakamuliwa tone kwa tone, na tone la mwisho lingetoka bila mtu kulijua. Basi kama ni kuuliza, liulizwe swali moja, kubwa, litakalomlazimu kusema alipo.

Na swali hilo lilikuwepo. Lilikuwa la msibani.

Katika koo zao, mtu akifa mtani wake haji kulia. Anakuja kumtukana. Anajilaza kaburini, anamwigiza marehemu anavyotembea, anazuia maziko mpaka apewe ada. Na kabla hajapewa, sharti aihesabu njia: atoke alikotoka, aeleze alichokiona, miiba iliyomchoma, ili wafiwa wajue ada yake ni halali. Mtani asiyehesabu njia hapewi hata maji. Babu yake Kandida alipozikwa, Sabas, akiwa bado mtoto wa shule, alihesabu njia ya kutoka mtaa wa pili kwa urefu mpaka padri akaketi chini kwa kucheka.

Alimkuta Mama Sabas akichambua maharage.

"Kamwene, Mama."

"Kamwene, mwanangu. Umetususa."

Kandida akamweleza yote, kuanzia ile "dada" mpaka machicha ya Nakiete. Mama hakuinua uso. Mikono iliendelea, zuri huku, bovu kule.

"Unataka nimwambie mwanangu kwamba umekufa."

"Nataka ukiambie kivuli, Mama."

"Kivuli hakina moyo wa kuuma. Habari itamfikia nani?"

Kandida aliokota harage lililodondoka, akalirudisha ungoni.

"Na matusi ya msibani ndiyo yaliyobaki," Mama alisema. "Akishakifundisha na hilo, kitabakiza nini cha kumwuliza?"

"Hakitabakiza kitu. Ndiyo maana lazima tuwahi kabla yao."

"Na msipowahi?"

"Nitakuwa nimemwua mimi." Alichuchumaa karibu naye. "Lakini tukikaa hivi tunamwua wote, kidogo kidogo, huku tunamtakia Jumapili njema."

Mama Sabas aliweka ungo chini. Alikaa akitazama kioo kilichozimwa.

"Nilijua," alisema. "Usinitazame hivyo. Sabas wangu alikuwa akiingia humu ndani anakwenda moja kwa moja kwenye sufuria, hata hajaniamkia. Hajawahi kuniuliza kama nimekula. Hiki kiliniuliza siku ya kwanza, *Mama, umekula?* Nikajua si mwanangu. Halafu nikakipenda." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mungu anisamehe. Lete hiyo simu."

*

Mama hakuhitaji kuigiza kilio. Kilikuwa kimemjaa tangu mavuno.

"Sabas, Kandida ameanguka kutoka kwenye mtambo. Kandida hatunaye, mwanangu."

Kandida alikuwa amejibanza nyuma ya mlango, mkono mdomoni.

Kivuli kikalia. Kililia vizuri, machozi yakiteremka mahali panapostahili. "Pole, Mama. Poleni sana. Alikuwa kama dada kwangu."

"Pole ya nini?" Mama alifoka. "Wewe si mtani? Kaburi linachimbwa, Wangoni wanamngoja Mhehe wao! Utamwacha azikwe kimya kama mgeni?"

Tabasamu halikuwepo safari hii, ila uso uliganda vile vile.

"Samahani, Mama. Mtandao unasumbua."

Kioo kikazimika.

Walikaa wakisubiri, chakula kikipoa. Kandida aliona mambo ambayo hakutaka kuyaona. Aliona chumba asichokijua, mtu akifungua mlango, akisema kwa sauti ya kawaida kwamba Kandida amekufa, halafu akiwasha kinasa sauti. Hilo ndilo alilolifanya. Wale walimteka Sabas, na yeye amewapa kisu kipya.

Kesho yake mchana kioo kikawaka chenyewe. Shati lilikuwa lile lile jeupe, bahari ile ile. Lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyelia mpaka koo likapasuka.

"Sogeeni! Sogeeni nimwone panya aliyelala! Weye Kandida, nani kakupa ruhusa ya kufa sijamaliza kukutukana? Hazikwi huyu! Nimeshalala kaburini, mkitaka nizikeni naye. Ama nipeni ada ya njia, na njia yangu haina huruma! Nimetoka nyumba ya chai isiyo na chai, bati linavuja, popo wanalala vizuri kuliko mimi. Kila nikifungua jicho naona mtambo wa upepo wa mapanga mawili, umesimama kama kilema sokoni, hauzunguki, na jua linazama mgongoni kwake. Nimevuka mto miguu mitupu, utelezi umeniangusha, mamba amenicheka! Nipeni jogoo! Nipeni jogoo, na huyo panya mumwamshe, mwambieni... mwambieni..."

Hapo ikakatika.

Waliomteka hawakuwa watu wa milima hii. Waliinasa yote, njia na mamba na jogoo, kama desturi nzuri ya kupamba kivuli.

Kandida alikuwa ameshasimama. Mitambo yote ya kilimani ina mapanga matatu. Mmoja tu, ule wa ukingo wa kusini, ulipoteza panga kwenye dhoruba ya masika, na yeye mwenyewe ndiye aliyepandishwa kuufunga breki. Jua linazama mgongoni kwake: basi anayeutazama yuko mashariki yake. Na mashariki yake, bondeni, kuna kiwanda cha chai kilichofungwa kabla yeye hajazaliwa.

"Afande," alisema kwenye simu, akikimbia, "najua alipo."

*

Walipofika watekaji walikuwa wametoroka kwa njia ya shambani, na walipotoka waliiwasha moto stoo ya betri. Moshi wa betri si moshi wa kuni. Ni mweupe, mtamu puani, na unaua. Polisi walikwishawatoa mateka watatu, vijana waliotembea wakishika ukuta. Mlango wa mwisho ulikuwa wa chuma, nao, ingawa kufuli la nje lilikuwa wazi, ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Fungua! Polisi!"

"Mlijiita polisi Jumanne," ilijibu sauti ya ndani, imechoka. "Juzi mkaja kwa sauti ya mama yangu. Nikafungua, nikalia, mkanasa. Leo silii."

Nakiete akamgeukia Kandida. Askari alikuwa anahangaika na msumeno wa chuma, na msumeno ulikuwa unateleza.

Kandida aliweka mdomo kwenye mwanya wa mlango. "Sabas. Ni mimi."

Mguu ulikwaruza sakafu ndani.

"Kandida amekufa," sauti ilisema. "Nimemhesabia njia."

"Sijafa! Sabas, pole. Pole sana, ndugu yangu..." Akajiuma ulimi.

Ndani alicheka kicheko kikavu. "Kandida hajawahi kunipa pole."

Moshi ulitambaa chini ya dari. Kandida alitafuta tusi. Alikuwa na gunia zima la matusi, miaka yote ile, na sasa mkono ulitoka mtupu. Alijisikia akikaa kimya, na kimya hicho kikirefuka, na alijua huyo wa ndani anakisikiliza na kukifahamu. Hivyo ndivyo kinavyonyamaza kivuli kilichokwama. Hivyo hivyo.

"Mtandao unasumbua?" Sabas aliuliza taratibu.

"Mpumbavu weye wa Kihehe!" Ilimtoka kama tapishi. "Nimefika ahera wamenirudisha! Wameniuliza nani kakuhesabia njia, nikasema Mhehe, wakasema rudi, hujafika, Mhehe hajui kuhesabu zaidi ya miguu ya mbwa! Mamba! Mto ule una mamba? Mto ule hauna hata chura, mwongo mkubwa! Fungua, nimekutukana na meno yako siyaoni. Fungua niyaone, la sivyo nimekutukana kweli!"

Mwiko huo hawakuwahi kuutamka. Ulikuwa kitu cha kutenda, hakuna mtu aliyewahi kukwama akalazimika kuuliza, na kivuli hakikuweza kuujua.

Komeo likakwaruza.

Aliyetoka alikuwa nusu ya Sabas. Kandida alimshika kabla hajaanguka, wakapita kwenye moshi wakikohoa, mpaka nje, kwenye michai iliyogeuka mwitu. Mama Sabas alishuka kwenye gari la polisi akikimbia. Hakusema kitu. Alimpapasa mwanawe kichwa, masikio, mabega, kama anayekagua mzigo uliotoka safari mbaya.

Ndipo simu iliyokuwa mkononi mwa mama ikaita.

Shati jeupe, na bahari nyuma. Kivuli kilikuwa kinatabasamu. Kiwanda kilikuwa kinaungua nyuma yao, betri zikipasuka moja moja, lakini hakuna mtu aliyekuwa amewaambia kwamba kivuli kinakaa kiwandani.

Nakiete alinyoosha mkono aichukue. Sabas alimwahi. Aliitazama sura yake iliyonawiri, na midomo yake iliyopasuka ikafunguka.

"Mla mbwa weye," alinong'ona.

Kandida alisubiri. Alisikiliza kwa mwili mzima, akitaka uso ule ugande, akitaka mtandao usumbue mara moja tu ya mwisho.

Kivuli kikacheka papo hapo.

"Ala! Mbwa gani anabweka kwa sauti yangu? Hata ningekuwa na njaa nisingekula hiki, kimebaki mifupa! Mama, usidanganyike. Huyo aliye mbele yako ni kivuli. Mtukane uone. Mtukane, uone kama anaweza kujibu."

Mama Sabas akainua macho, akamtazama mwanawe. Wote wakamtazama, hata askari.

Sabas alifungua mdomo. Alifunga. Akafungua tena. Alikuwa na majibu, Kandida aliyaona yakipita machoni mwake moja baada ya jingine, na kila lililopita Sabas alilitambua kwamba alikwishawaambia watekaji. Hakukuwa na lililobaki kuwa lake. Meno yake yaligongana kwa baridi, na kimya kikarefuka.

Mama Sabas aliinyakua simu, akaigandamiza kifuani, kioo kikielekea moyoni. Kwa mkono wa pili aliishika taya ya mwanawe mpaka meno yakaacha kugongana.

"Usijibu," alimwambia. "Nimekula. Umesikia? Mimi nimekula. Twende ukafunue sufuria."

Chini ya kiganja chake, ndani ya kanga, simu iliendelea kucheka.